Kompyuta 40 za ofisi kutoka Hamburg kwenda sekondari ya kata mkoani Lindi: tuzitume vipi?

Pwani_Kusini

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri kabla hatujaingia gharama.

Chama chetu cha Watanzania hapa Hamburg kimeahidiwa kompyuta na kampuni inayobadilisha vifaa vyake. Tunataka zifike sekondari moja ya kata mkoani Lindi. Zilizopo ni hizi:

- Desktop ndogo 40, modeli moja zote, Core i5 kizazi cha 6, RAM GB 8, diski za kuzunguka za GB 500
- Monita 40 za inchi 22
- Laptop 15 za mchanganyiko, kizazi cha 6 hadi cha 8, betri hazijapimwa
- Kibodi na vipanya vya kutosha, kibodi zote za Kijerumani

Shule ina umeme wa TANESCO, LUKU moja kwa shule nzima. Chumba kilichotengwa kina soketi mbili tu. Intaneti haipo zaidi ya simu za walimu. Mwalimu wa TEHAMA ni mmoja.

Tunataka kujua: sheria inaruhusu kuzitoa Ujerumani na kuziingiza nyumbani? Zitafaa kweli, maana tunaambiwa Windows 11 haizikubali? Na shule ijiandae na nini? Mjumbe mmoja anashauri tuzipachike ndani ya kontena la magari linaloondoka mwezi ujao, nafasi ipo.

Klia_Bandarini

Ndugu, nianze na hilo la mwisho: msizipachike kwenye kontena la magari.

Kwa agizo la Umoja wa Ulaya namba 2012/19, mtu anayesafirisha kifaa cha umeme kilichotumika ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba kinafanya kazi. Akishindwa, kifaa kinahesabiwa kuwa taka, na taka za umeme haziruhusiwi kutoka Ulaya kwenda nchi kama yetu. Tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel nao umekazwa: hata taka za umeme zisizo na sumu zimeingizwa kwenye utaratibu wa kupata kibali cha nchi inayopokea. Kwa hiyo kompyuta iliyobanwa kati ya viti vya gari bila karatasi ni taka mbele ya mkaguzi hata kama inawaka. Gharama za kuirudisha zitawaangukia ninyi, na mwenye magari atakwama pamoja nanyi bandarini.

Mnachotakiwa kuwa nacho upande wa Ujerumani:

Kwanza, karatasi ya upimaji ya kila kifaa, monita zikiwemo. Iandikwe jina la kifaa, namba yake ya utambulisho, mwaka wa kutengenezwa kama unajulikana, aliyepima na anwani yake, vipimo vilivyofanywa, tarehe na matokeo. Nakala ibandikwe kwenye kifaa au boksi lake kwa namna ambayo haitang'oka njiani lakini inaweza kutolewa. Pili, mkataba wa msaada unaosema wazi kwamba vifaa ni vizima na vinakwenda kutumika moja kwa moja. Tatu, tamko la mwenye mzigo kwamba ndani hakuna taka. Nne, ufungaji unaolinda. Hili la nne watu hulidharau, lakini monita zilizorundikwa bila kadibodi katikati zinatosha kumfanya mkaguzi aseme hamkukusudia zitumike.

Mzigo ukizidi thamani ya euro 1,000 au kilo 1,000 kunahitajika pia tamko la forodha la kielektroniki la kutoa bidhaa nje. Wakala wa huko analifanya.

Upande wa Dar es Salaam, jina la mpokeaji kwenye B/L (hati ya mzigo ya meli) ndilo linaloamua mambo mengi. Shule ya serikali iko chini ya halmashauri. Barua ya mkuu wa shule peke yake haitoshi. Pateni barua ya kukubali msaada kutoka kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, yenye idadi ileile iliyo kwenye orodha yenu ya mzigo, na mpokeaji awe taasisi yenye TIN. Mzigo ulioandikwa jina la shemeji yenu wa Temeke utatozwa kama mali ya shemeji, hata mkiambatanisha picha za wanafunzi.

Kodi: kompyuta zinaingia kifungu 8471 cha ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, na ushuru wa forodha hapo ni asilimia 0. Lakini VAT na tozo nyingine ni habari tofauti, na neno "msaada" peke yake halizifuti. Kama kuna msamaha, unaombwa na kujibiwa kwa maandishi kabla ya meli kuondoka. Mtakeni wakala awape hesabu yote kwa maandishi: kodi, bandari, ada yake, usafiri hadi Lindi. Na mjibiwe mapema na TBS (Shirika la Viwango) kuhusu ukaguzi wa ubora kabla mzigo haujapakiwa, kwa sababu kukaguliwa baada ya kufika kunachukua siku ambazo bandari inazihesabu.

Msiandike thamani ni sifuri. TRA watathamini wenyewe, na hamtapenda namba yao. Andikeni bei ya kweli ya soko ya mashine hiyo ikiwa imetumika. Na orodha isiseme "vifaa vya ofisi vilivyotumika". Iseme: desktop 40, modeli fulani, namba hizi, monita za kompyuta 40, namba hizi, nyaya za umeme kadhaa. Maelezo ya jumla ndiyo yanayopeleka mzigo kwenye kiwango cha juu cha kodi.

Nafasi mnayohitaji ni ndogo kuliko mnavyofikiri. Desktop za umbo hilo zina takribani sentimita 30 kwa 30, unene wa 9. Kwenye paleti ya Ulaya ya sentimita 120 kwa 80 zinakaa nane kila safu, kwa hiyo zote 40 ni safu tano, kama kilo 220. Monita ziondolewe miguu, zisimame wima, kioo kikitazamana na kioo na kadibodi ngumu katikati, kamwe zisilazwe. Paleti mbili au tatu zinasafiri kwenye kontena la kuchangia bila shida.

FundiMashine

Mkuu Klia kamaliza upande wake. Mimi niseme ya mashine zenyewe.

Windows 11 kwa kanuni za Microsoft inataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana makampuni ya Ulaya yanazitoa mashine hizi kwa wingi sasa, si kwa sababu zimechakaa. Njia za kulazimisha Windows 11 ikae zipo, lakini kwa shule msizitumie: sasisho kubwa likigoma mwaka ujao, hapo shuleni hakuna wa kulirekebisha. Wekeni Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, toleo jepesi la Xfce. Kwenye i5 ya kizazi cha 6 yenye RAM GB 8 inakwenda kwa raha kabisa.

Diski za kuzunguka ziacheni Ujerumani. Kampuni ibaki nazo na iziharibu yenyewe. Hapo mmemaliza tatizo la data za kampuni kwa siku moja, mmepunguza uzito, na mmeondoa kipande ambacho ndicho cha kwanza kufa kwa mitikisiko ya lori na kwa umeme kukatika ghafla. Nunueni SSD (diski zisizozunguka) za SATA za inchi 2.5, GB 240. Kama hamna fremu ya kuishikilia ndani ya kasha, gundi ya pande mbili inatosha, haina kitu kinachozunguka. Hakuna senti mtakayoitumia kwenye mradi huu itakayoonekana zaidi ya hii.

Laptop zenye SSD ndani lazima zifutwe kwa amri ya kufuta iliyomo kwenye diski yenyewe, si kwa kuandika sifuri juu yake. SSD huhamisha data kutoka seli moja hadi nyingine ili isichakae, kwa hiyo programu ya kuandika juu haifiki kila mahali. Ya NVMe inafutwa kwa nvme format, ya SATA kwa hdparm. Kama kampuni inasisitiza diski za kuzunguka ziende, tumieni nwipe, mpito mmoja. Kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde, GB 500 ni kama saa moja na nusu kila moja. Programu ya DBAN imezeeka na haikutengenezwa kwa SSD, achaneni nayo.

Kabla ya kupokea chochote, mhusika wa TEHAMA wa kampuni afanye mambo matatu: aondoe nywila ya BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine), azime ulinzi wa wizi wa Absolute kama uliwashwa, na azifute mashine kwenye orodha ya usimamizi wa kampuni. Hili la tatu linasahaulika sana. Laptop iliyosajiliwa kwenye Autopilot (usajili wa Microsoft wa mashine za kampuni) ukiiwekea Windows upya inafanya kazi vizuri mpaka siku inapoonja intaneti, ndipo inadai barua pepe ya mfanyakazi wa kampuni. Chromebook na Mac nazo zina kufuli za namna hiyo. Mtu wa kuzifungua yuko Hamburg, tena ni leo tu. Akihama kazi, basi.

Upimaji wa kila desktop: safisha vumbi kwa hewa, badilisha pasta ya prosesa, pima RAM kwa memtest mzunguko mmoja kamili, iache ifanye kazi nzito dakika 30 huku ukiangalia joto, jaribu kila tundu la USB na la mtandao. Badilisha betri ya CR2032 kwenye bodi zote bila kubagua. Mashine hizi ni za miaka ya 2015 na 2016, betri hizo ziko ukingoni. Ikifa, saa ya kompyuta inarudi nyuma miaka, vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana havijaanza kutumika, na kila ukurasa unakataa kufunguka. Shule itasema "intaneti imekufa" na itaita fundi kutoka mjini kwa kitu cha bei ya soda.

Kibodi za Kijerumani: Z na Y zimebadilishana nafasi. Kwa Kiswahili, ambamo "ya", "za", "yake", "zake" ziko kila mstari, mtoto atajifunza vibaya kuanzia siku ya kwanza, na alama kama @ na mabano nazo ziko kwingine. Kwa desktop ziacheni huko, nunueni za USB za Kiingereza Dar. Kwa laptop kuna stika za herufi. Mfumo uwekwe kibodi ya US, stika zibandikwe zote, si mbili tu. Kubandua vifuniko na kuvibadilishana kunawezekana, ila vishikizo vya laptop ni vyembamba na huvunjika.

Tengenezeni mashine moja kikamilifu, kisha nakilini kwa Clonezilla. Kabla ya kunakili futeni machine-id (namba ya utambulisho ya mfumo), la sivyo nakala zinaweza kugombania anwani moja kwenye mtandao mkatafuta tatizo wiki nzima. Kila moja ipewe jina lake: lab-01, lab-02, na namba hiyohiyo iandikwe kwenye kasha.

Na wala msipeleke 40. Pelekeni 25: ishirini za kutumika, moja ya seva (ya kuhudumia nyingine), nne za kunyofolewa vipuri. Ongezeni SSD nne, RAM nne, CR2032 ishirini, vipanya kumi, kibodi tano. Kwa kuwa modeli ni moja, mashine nne hizo zinaponya nyingine kwa miaka. Zinazobaki zitengeeni shule ya pili ikiwa tayari.

Sokoni_Kkoo

Wakuu, mniwie radhi, ila hesabu hii ifanyike kwanza. Kariakoo kuna desktop za aina hiyohiyo zilizotumika, nyingi zimepitia Dubai, kibodi zake ni za Kiingereza, na duka zuri linakupa muda wa kurudisha ikigoma. Jumlisheni SSD, meli, bandari, wakala, VAT na lori hadi Lindi, mgawanye kwa 25. Ikifika bei ya Kariakoo au kuizidi, uzeni mashine huko Hamburg, mtume hela, mnunue hapa. Vipuri na fundi viko palepale. Msaada ni kompyuta kufika darasani. Haina ulazima itoke Ulaya.

Klia_Bandarini

Nakubaliana na Sokoni kwa mizigo midogo. Chini ya mashine kumi na tano hivi, gharama zisizobadilika (wakala, nyaraka, kushughulikia mzigo bandarini) zinakula kila kitu. Kwa 25 au 40 za bure, zilizopimwa, mara nyingi meli bado inashinda, ila ni lazima iwe kwenye karatasi kabla ya kuamua. Kwa monita naona bora zitoke Ulaya, kwa sababu hapa monita nzima ya inchi 22 si rahisi kuipata kwa bei ya maana.

Umeme_Vijijini

Soketi mbili kwa kompyuta ishirini. Hapa ndipo miradi ya namna hii inapokufa, na hakuna aliyeuliza swali hili vya kutosha.

Desktop ya umbo dogo ikiwa kazini inakula wati 40 hivi, monita ya LED 20 hadi 25. Weka 65 kwa seti. Seti 20 ni wati 1,300. Kwa saa 6, siku 20 za mwezi, ni yuniti 156. Zidisheni kwa bei ya yuniti ya shule hiyo, mpelekeeni mkuu wa shule namba hiyo kabla ya mzigo, naye aseme italipwa kutoka fungu gani. LUKU ikiisha tarehe 12 kila mwezi, chumba kitafungwa tarehe 12. Laptop zenu 15 kwa wati 25 kila moja ni yuniti 45 tu kwa muda uleule. Kwa shule isiyo na gridi, laptop au zile desktop ndogo sana zinazotumia chaja ya laptop ndizo pekee zenye maana.

Waya: msikubali ekstensheni juu ya ekstensheni. Kwa seti 20 tengenezeni sakiti mbili zinazotoka kwenye bodi, waya wa mm² 2.5, breka ya ampea 20, kumi kumi. Kila sakiti iwe na breka yake ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30. Sababu ya kugawa si mzigo, mzigo ni mdogo. Pawasaplai ya kila kompyuta inavujisha kiasi kidogo kwenda eathi kupitia kichujio chake, hata ikiwa nzima. Tuseme miliampea moja. Breka ya miliampea 30 inaruhusiwa kuruka kuanzia 15. Ukifunga mashine 20 kwenye breka moja, itaruka asubuhi zote zikiwashwa, fundi atasema breka ni mbovu, ataitoa, na hapo mmewaacha watoto bila ulinzi.

Eathi yenyewe ipimwe. Majengo mengi ya shule yana waya wa eathi unaoishia hewani. Bila eathi, kichujio hichohicho kinafanya kasha la chuma lielee kwenye nusu ya volteji, kama volti 115. Mkondo ni mdogo, hauui, lakini mwanafunzi akigusa kasha kwa mkono ulioloa jasho anasisimkwa, na habari inaenea kwamba kompyuta zina shoti. Rodi ya shaba ya mita 1.5, udongo wa kichanga wa pwani unahitaji hata mbili. Na plagi za Kijerumani msizipeleke. Zinaingia kwenye soketi zetu za pini tatu ukisukuma tundu la juu kwa kalamu, kila mtu anajua, na zikiingia hivyo hazigusi eathi kabisa. Nunueni nyaya za pini tatu bapa zenye fyuzi ya ampea 5. Mwisho unaoingia kwenye kompyuta ni uleule duniani kote.

Umeme ukikatika na kurudi, kinachoua si kukatika bali kurudi. Kwenye BIOS za mashine zote wekeni ibaki imezima baada ya umeme kurudi. Hili lifanyike Hamburg kabla hazijafungwa. Pale bodini wekeni kilinzi cha umeme mkubwa na mdogo chenye kuchelewesha dakika chache, kwa sababu nyutro ikikatika barabarani soketi ya volti 230 inaweza kupanda karibu na 400. UPS wekeni kwenye seva tu. Msizisafirishe kutoka Ulaya: betri zake ni za risasi na asidi, nzito, ni mzigo wa hatari, na kwa joto la Lindi zinachoka ndani ya miaka miwili, mitatu.

Mkitaka sola kwa zile laptop 15: wati 375 kwa saa 5 ni kama kWh 1.9. Kwa jua la saa 5 na upotevu wa asilimia 30 mnahitaji wati 540 za paneli, yaani mbili za 400 mkiwa na akiba. Inveta iwe ya mawimbi safi na ya wati 1,500, kwa sababu laptop 15 zenye betri tupu zikichomekwa pamoja kila chaja inavuta wati 65, jumla karibu 1,000. Au ziwekwe chaji kwa zamu mbili, na inveta ya 1,000 inatosha.

Mwl_Tehama

Asanteni. Naongeza yanayotokea baada ya picha za makabidhiano.

Mwalimu mmoja hatoshi. Akihamishwa, chumba kinafungwa. Wafundishwe watatu, na mmoja wao asiwe wa TEHAMA. Mwalimu wa hesabu au wa jiografia atakileta chumba kwenye vipindi vyake. Kila kompyuta iingie kwenye leja ya stoo kwa namba yake siku ya kwanza, na leja iseme wazi kwamba zile nne ni za vipuri. Isiposema, hakuna mtu atakayethubutu kung'oa RAM kwenye mali ya serikali, na zitakaa kabatini nzima huku nyingine zimekufa.

Yaliyomo bila intaneti: mashine ya 21 iwe seva, iwekewe diski kubwa ya TB 1. Ndani yake Kolibri, ambayo ina masomo na mazoezi na mwalimu anaona nani amefika wapi. Na Kiwix yenye Wikipedia ya Kiswahili nzima. Ya Kiingereza yenye picha ni takribani GB 100, ipakuliwe huko Hamburg, si kwa bando la simu Lindi. Vitabu vya kiada vya Maktaba Mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) viwekwe kwenye folda ya pamoja. Swichi ya mtandao ya matundu 24, na waya wa shaba kamili. Ule wa alumini iliyopakwa shaba unauzwa kwa boksi lilelile, unakatika ukikunjwa mara mbili, na kwa umbali unapoteza kasi. Ukwangue kwa kisu: ndani ukiwa mweupe, rudisha.

Seva hiyohiyo igawe saa kwa mashine nyingine, ili CR2032 zikichoka tena shule isijue.

Kuhusu Linux, wazazi na hata bodi ya shule watauliza mbona si Windows, mtoto ataajiriwaje. Jibu la kazi ni hili: LibreOffice (programu ya ofisi ya bure) iwekwe ihifadhi kwa muundo wa docx na xlsx moja kwa moja, na zile laptop zenye kizazi cha 8 ziwekewe Windows 11 yenye leseni iliyokuja na mashine yenyewe, ziwe za kidato cha nne na walimu. Mtoto aliyejua kutengeneza jedwali na fomula kwenye moja hapotei kwenye nyingine. Faida kubwa hamtaiona mapema: virusi vya flashi, vile vinavyogeuza mafolda kuwa njia za mkato, haviwezi kitu kwenye Mint. Kwa chumba ambacho kila mwalimu anaingia na flashi kutoka steshenari ya mjini, hilo peke yake linatosha.

Lugha ya mfumo iwe Kiingereza, kwa sababu ndiyo ya kufundishia na ya mtihani sekondari. Kiswahili kiwe kwenye yaliyomo.

Pwani_Kusini

Nawashukuru sana wakuu. Nimewapelekea wajumbe, na kontena la magari limefutwa. Tumekubaliana 25 kwanza, na hesabu ya Kariakoo inafanywa sambamba. Swali la mwisho: zile laptop 15, wanachama wanaokwenda likizo wanaweza kubeba mbilimbili kwenye ndege? Na betri zilizokufa tufanyeje?

FundiMashine

Inawezekana, na wapo wanaofanya hivyo kwa mpango. Labdoo wana tawi Ujerumani na wanatumia wasafiri, kila laptop ina namba yake inayofuatiliwa hadi shuleni. Waulizeni, hata karatasi zao zitawasaidia.

Betri ya laptop ya kawaida ina Wh 40 hadi 60, chini ya 100 ambayo mashirika ya ndege yanaikubali kwa abiria. Zibebwe kwenye begi la mkononi, zimezimwa kabisa, si kulazwa usingizi. Msafiri awe na nakala ya barua ya Halmashauri na orodha yenye namba, atangaze mwenyewe forodhani akifika.

Betri iliyovimba haipandi ndege wala meli kwa utaratibu wa kawaida. Mtaijua pedi ya kipanya ikiwa imeinuka au mfuniko haufungi sawa. Itoeni, muipeleke kituo cha kukusanya betri hapo Hamburg, mashine iende bila betri. Ile isiyovimba lakini inakaa chini ya dakika 40, nayo iacheni huko. Laptop nyingi zinafanya kazi kwa chaja tupu, ila zijaribuni moja moja, zipo zinazopunguza kasi ya prosesa zikikosa betri. Betri zikifia Tanzania, shule ya Lindi haina pa kuzipeleka. Vituo vikubwa vya kuchakata vya karibu ni kama kile cha WEEE Centre cha Nairobi na cha Enviroserve kule Bugesera, Rwanda, na huko hakuna mwalimu atakayezituma kwa nauli yake. Kwa hiyo kwenye bajeti yenu tengeni nauli ya boksi moja la vyuma na betri kurudi Dar kwa mchakataji mwenye kibali, miaka mitano kutoka sasa, na muiandike kwenye mkataba wa msaada ili Halmashauri ijue ni jukumu la nani.

Klia_Bandarini

Na hiyo barua ya Halmashauri iombeni wiki hii. Ndiyo inayochukua muda mrefu kuliko meli.